Tumbo Lisiloguswa

Nesi wa zahanati ya mtaani kwetu ameniomba mara tatu niende kuzungumza na wanawake walioungua moto, na mara zote tatu nimekwenda, nikaketi kando ya kitanda, nikashindwa kusema. Kwa hiyo naandika. Kama uko wodini, au mtu wako yuko wodini, na ile harufu unaijua, sehemu ya haya utayatambua. Mengine sikuombei uyatambue.

Jina langu Rehema. Kwetu ni Muheza. Niliolewa Tanga mjini, mtaa wa Ngamiani, na Bakari, aliyekuwa karani bandarini. Tuliishi nyumba moja na dada yake, Zuhura, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja pale mjini. Ilikuwa ile miaka ya foleni, sabuni ya kipande ikikatwa nusu kwa uzi ili majirani wagawane, na mafuta ya taa ukiyapata kwa kujuana tu. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya pili ilikuwa imefika miezi sita na nusu, na kila aliyeingia nyumbani alinitazama tumbo kabla ya kunitazama uso.

Mafuta yale aliyaleta Zuhura, kutoka kwa mtu waliyefahamiana kazini. Yalikuwa yamechanganywa na petroli. Yeye hakujua, wala mimi sikujua. Niliwasha stovu asubuhi nichemshe chai kabla Bakari hajatoka. Nakumbuka mlio wake, haukuwa mkubwa, ulikuwa kama wa shuka linalokung'utwa. Kisha nikaona gauni langu la nailoni linayeyuka, linanishika mwilini. Zuhura alitoka chumbani na blanketi akanivingirisha. Viganja vyake vyote viwili viliungua. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana, kwa sababu sikuuliza.

Niliungua kuanzia chini ya matiti mpaka kinenani, paja la kushoto, na mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Ubavu wa kulia kilibaki kipande cha ngozi nzima, upana wa kiganja.

Ilikuwa Kaskazi, joto la kukausha kinywa. Wodini walinilaza chali, wakasimamisha juu yangu fremu ya vyuma vilivyopindwa, wakatandika shuka juu yake ili hata shuka lisinifikie. Humo ndani nikawa kama kitu kilichofunikwa kawa. Inzi waliingia. Bi Mwanaidi, mkunga wa Kipemba aliyekuwa zamu za asubuhi, alikuwa akiwapepea kwa kadi yangu ya kliniki.

Siku nilizihesabu kwa bandeji. Kila baada ya siku mbili zilifunguliwa, na siku ya kufunguliwa niliijua kabla sijafumbua macho, kwa jinsi meno yangu yalivyokuwa yamebanana. Walilowesha shashi kwa maji ya chumvi ili iachie, na haikuachia. Bandeji ya tatu niliuma kanga ya mama mpaka ikatoboka. Bandeji ya nne shashi zenyewe zikaisha, hospitali nzima. Mama alipanda basi akaenda Muheza, akarudi na majani machanga ya mgomba, kama ishirini, ameyakunja ndani ya kanga yenye maji. Manesi waliyachemsha, wakayapoza, wakanifunika nayo. Ndiyo siku ya kwanza nililala usingizi wa kweli. Jani halishiki kidonda. Ukiwa na mtu wako aliyeungua, na dawa hakuna, waulize wauguzi kuhusu majani ya mgomba. Usiyabandike mwenyewe nyumbani, waulize.

Mama yangu alikuwa mtu mpole. Lakini siku ya pili Zuhura alipokuja wodini, viganja vimefungwa vitambaa, mama alisimama mlangoni.

"Umekuja kufanya nini?"

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwona wifi yangu."

"Marahaba. Umekwisha mwona. Wewe ndiye uliyemuunguza."

Nilisikia yote. Nilikuwa na sauti, ningeweza kusema "mwacheni apite." Nilisema, "Asiingie."

Tangu siku hiyo Zuhura alikuwa akija akikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, pamoja na watu waliosubiri saa ya kuona wagonjwa. Nilimsikia akikohoa. Bakari alipita katikati yetu, bakuli la uji mkononi, hasemi na mama, hasemi na dada yake, na kwangu alisema mambo ya uji tu. Sitaki kujifanya nilikuwa na huruma wakati ule. Nililala pale nikifikiria viganja vyake vimefungwa, na moyo wangu haukusema kitu.

Baada ya bandeji ya sita, Bi Mwanaidi alikuja na kile kipembe cha mbao wanachoweka tumboni kusikiliza moyo wa mtoto. Kipembe hicho lazima kikandamizwe, na sikio la mkunga likandamizwe juu yake. Alikiweka pale ubavuni, kwenye kile kipande cha ngozi nzima. Akasikiliza muda mrefu. Akakihamisha kidogo, kikagusa ukingo wa kidonda, nikapiga ukelele uliowaamsha wagonjwa wote.

"Pole, mwanangu, pole," alisema. Hakuniambia alichosikia.

"Anacheza?" daktari aliniuliza mchana wake. Alikuwa mtu wa makamo, mchovu, mwenye desturi ya kufuta miwani yake kila alipotaka kusema jambo baya.

Nilitaka kusema anacheza. Ukweli ni kwamba sikujua. Tumbo zima lilikuwa likiwaka, likivuta, likitetemeka lenyewe. Halafu kulikuwa na sindano za kutuliza maumivu, ambazo zilinifanya nihisi mwili ni wa mtu mwingine aliyelala karibu nami. Kama mtoto alipiga teke humo ndani, ni kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua.

"Sijui," nilisema.

Akafuta miwani. Aliniambia bila kuzunguka. Kipembe hakikusikia kitu. Kama mtoto amekufa, akiendelea kukaa ndani na mimi nina vidonda kiasi hiki, atanichukua na mimi. Itabidi waanzishe uchungu atoke. Lakini kama yu hai, kumtoa sasa ni kumuua, kwa umri ule na kwa vifaa tulivyokuwa navyo. Ile mashine ya kutazama tumbo, ambayo siku hizi iko kila kliniki, wakati ule hapa kwetu hatukuwa nayo, na hata ingekuwapo, nayo hupakwa ute ikapitishwa juu ya ngozi. Nani angeipitisha juu yangu?

"Mumeo yuko wapi, aweke sahihi?"

Bakari alikuwa amekwenda Mombasa. Mpaka wa Horohoro, wa kuingia Kenya, ulikuwa umefunguliwa upya si muda mrefu, na alikuwa na mtu wake kule wa kumtafutia shashi na dawa ya kupaka. Tulikuwa tukimwogopea. Siku zile mtu akikutwa na maboksi mawili ya kitu chochote aliitwa mlanguzi kabla hajaulizwa jina.

"Nasubiri siku nne," daktari alisema. "Homa ikipanda kabla ya hapo, sisubiri sahihi ya mtu."

Mama akaketi chini sakafuni. Ndani ya fremu yangu nilimsikia akivuta tasbihi, ikagonga, ikagonga, kisha ikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanaidi aliingia na Zuhura nyuma yake. Mama akainuka.

"Dada, kaa," Bi Mwanaidi alimwambia. "Simleti hapa kuomba radhi. Namleta afanye kazi. Mkikosana, mkosane baadaye."

Zuhura alikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia, kile cha mviringo chenye mgongo wa plastiki, ameufunika uso wa kioo kwa karatasi nyeusi yenye tundu dogo katikati. Mfukoni alikuwa na chaki. Hakunitazama. Alitazama dirisha.

"Jua linaingia hapa mpaka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili mpaka saa tatu kasoro," mama alijibu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilikimbia. Nadhani alijibu kabla ya kukumbuka kwamba hasemi naye.

Zuhura alieleza haraka, kama anayeogopa kukatizwa. Shuleni kwao kuna kifaa chenye kioo kidogo kinachoning'inia kwenye uzi. Kioo kikisogea hata unywele mmoja, mwanga unaorudi kutoka kwake husogea ukutani hatua nzima. "Hilo jani la mgomba likilowa linang'aa. Nikilimulika, litarudisha mwanga ukutani. Tumbo likisogea chini ya jani, mwanga nao utasogea. Sitamgusa. Hakuna kitakachomgusa."

Niliyasikia hayo kutoka ndani ya fremu, na jambo la kwanza nililolielewa ni lile la mwisho.

"Mwacheni," nilisema.

Wakaondoa shuka. Bi Mwanaidi aliloanisha jani kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tone kwa tone. Zuhura akasimama dirishani, akalidaka jua kwa kioo chake, akaliteremsha polepole, likapita chuma cha kitanda, likapita paja langu, likatulia kwenye tumbo. Ukutani, juu ya kitanda cha jirani, kikatokea kiwaa cha mwanga, ukubwa wa sahani, kingo zake hazijatulia, kama ule mwanga unaocheza darini ukiweka beseni la maji juani.

Kilikuwa kikipanda na kushuka.

"Ni yeye?" mama aliuliza.

"Ni pumzi ya Rehema," Zuhura alisema. "Wifi, zuia pumzi."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ya moto. Nikazuia. Kiwaa kikasimama, kisha nikakohoa, na kikohozi kile sitakisimulia. Siku ya kwanza ikaisha hivyo.

Siku ya pili nilijifunza. Unavuta pumzi kidogo, unaitoa nusu, unasimama hapo. Nilihesabu mpaka kumi na tano. Kiwaa kilitulia, na kwenye ukingo wake nikaona kitu kinapigapiga, kidogo sana, kwa mpangilio. Mama akashika mdomo.

"Moyo! Ni moyo!"

Bi Mwanaidi alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu mzima. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Alitikisa kichwa. "Ni moyo wa mama mtu. Umelingana na huu hapa."

Zuhura alikuwa amekwisha kuweka alama ya chaki ukutani. Mkono wake ulitetemeka ikabidi mama amshikie kiwiko ili kioo kisihame. Nilimwona mama akimshika.

Siku ya tatu hakukuwa na jua. Mawingu ya kwanza ya masika yalifika mapema mwaka ule, yakatanda tangu alfajiri. Zuhura alisimama dirishani na kioo chake kuanzia saa moja na nusu, na saa tatu ilipopita alikuwa bado amesimama. Jioni nilipimwa, homa imepanda kidogo. Daktari alikitazama kipimajoto kwa muda, akakikung'uta, akaniwekea tena. Namba ikawa ile ile. "Kesho," alisema.

Sikuomba uhai wangu jioni ile. Niliomba jua.

Asubuhi ya nne lilitoka, mchanga mchanga, likiingia na kutoka mawinguni. Chumba kizima kilikuwa kimejua. Wagonjwa walioweza kukaa walikaa, wakatazama ukuta. Bibi mmoja wa Tongoni, aliyekuwa amelazwa na mguu, alikuwa akiwanyamazisha wenzake wakati hakuna aliyekuwa akisema.

Nikazuia pumzi. Kiwaa kikakaa kwenye alama ya chaki. Kikapigapiga na moyo wangu. Nikatoa pumzi. Nikazuia tena. Wingu likapita, kiwaa kikafifia na kurudi. Mara ya tano, mara ya sita. Nilianza kuona giza pembeni mwa macho.

"Mpumzishe," Bi Mwanaidi alisema.

"Mara moja tu," Zuhura alisema. "Wifi, unaweza mara moja?"

Nikazuia. Nikahesabu saba. Kwenye nane, kiwaa kikaruka.

Hakikutetemeka, kiliruka. Kilitoka kwenye chaki kikaenda upande wa dirisha, upana wa mkono, kikarudi. Zuhura hakusogea, nilikuwa namtazama mkono wake na haukusogea. Kabla mtu hajasema kitu kikaruka tena, mara mbili, upesi upesi, kama mtoto aliyekasirika.

Bibi wa Tongoni ndiye aliyepiga kigelegele. Bi Mwanaidi alitoka mbio na viatu vyake vya kanda, akarudi amemshika daktari mkono wa koti. Daktari alisimama mbele ya ukuta. Alisubiri, akaniambia nizuie pumzi, nikazuia, na kiwaa kikaruka mbele yake. Akavua miwani, lakini hakuifuta.

"Bado tunasubiri," alisema. "Kila siku anayokaa ndani ni siku yake."

Miaka mingi baadaye, maduka yamejaa bidhaa na kliniki za watu binafsi zimefunguliwa kila pembe, daktari mmoja kijana aliyasikia haya akanisimulia jambo. Alisema huko kwenye vyuo vikuu vya nje wanatengeneza mashine inayotupa mwali wa mwanga mwilini, nyama na damu zikajibu kwa mlio mdogo usiosikika kwa sikio, halafu mwali mwingine ukausoma mlio huo juu ya ngozi, pasipo kipembe, pasipo ute, pasipo mkono wa mtu. Alisema mojawapo ya mambo wanayoyafikiria ni watu walioungua, ambao hawagusiki. Alishangaa mimi sikushangaa. Nilimwuliza kitu kimoja tu, kama itafika Tanga, akacheka kwa aibu. Naiombea ifike. Mtu mwenye maumivu yale asiombwe kuzuia pumzi mara saba.

Homa ilishuka siku mbili baada ya hapo, ikapanda, ikashuka tena. Bakari alirudi na shashi boksi moja kati ya mawili, la pili lilibaki Horohoro, na aliporudi aliwakuta mama na Zuhura wamekaa benchi moja wakichambua mchicha. Alisimama pale akiwatazama, kisha akaenda kutafuta maji ya kunywa, nadhani ili asilie mbele yao.

Sikumwomba Zuhura radhi siku hiyo. Wala wiki hiyo. Watu hufikiri jambo kama lile linafuta yote kwa mara moja. Kila bandeji ilipofunguliwa nilimchukia upya, nikamaliza, nikamtafuta kwa macho. Nakuambia hivi kwa sababu huenda na wewe unaye mtu wa namna hiyo, na unadhani una roho mbaya. Ni maumivu tu, yanatafuta pa kukaa.

Uchungu ulinianza katikati ya masika, mvua ikipiga bati mpaka mkunga akawa anapiga kelele nisikie. Ilikuwa bado wiki tano. Ngozi mpya ya tumbo ilikuwa nyembamba kama ya juu ya maziwa, na ilichanika sehemu tatu. Mtoto alitoka mdogo, mwekundu, wa kike, akalia sauti ya paka. Bi Mwanaidi alimpima akasema lazima akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, la sivyo atapoa.

Akanitazama. Nilikuwa nimefungwa bandeji kutoka kwapani mpaka mapajani. Mama alikuwa na kifua kinambana tangu mvua zianze, akikohoa. Bi Mwanaidi hakusema jina la mtu. Alisubiri.

"Mwiteni wifi," nilisema.

Zuhura aliomba likizo shuleni. Alifungua vifungo vya blauzi palepale, wakamweka mtoto katikati ya matiti yake, wakamfunga kwa kanga mbili. Kwa wiki sita alitembea hivyo, akala hivyo, akalala ameketi. Maziwa nilikamua mimi, kwa mkono wangu mzima, na yeye alimnywesha kwa kijiko. Viganja vyake vilikuwa vimepona kwa makovu yanayong'aa, na mtoto alipenda kuyashika. Tulimwita Nuru, na hapakuwa na mjadala.

Vidonda vyangu vilifunga wakati wa kipupwe, machungwa ya Muheza yakiwa yamejaa sokoni. Siku daktari aliponiondolea bandeji ya mwisho, akaniruhusu kurudi nyumbani, Zuhura alikaa kando ya kitanda changu akafungua kanga. Alimshika Nuru kwa mikono miwili akamsogeza kwangu. Niliona alivyokuwa akijikaza.

"Mpokee, wifi," alisema. "Mwanao."

Nikampokea. Nikamlaza kwenye makovu, ngozi kwa ngozi, kwa mara ya kwanza. Alinusa. Akakunja uso. Kisha akalia, kilio kikubwa, akajipinda kumtafuta Zuhura. Nilihisi wivu ukinichoma mahali ambapo moto haukufika.

Zuhura alikuwa ameinuka atoke, amegeuza uso.

"Unakwenda wapi?" nilimwambia. "Kaa hapa. Mpe kidole akishike mpaka anizoee."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Nuru akakishika kidole, akaendelea kulia kwa muda, tukamwacha alie.